Mboga za Nchi ya Wenzetu

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari moja ambayo mimi huipenda sana, kwa kuwa inatufunza adabu ya kula na adabu ya kukaa na watu kwa pamoja. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mkewe Bibi Maimuna, na Khalid bin Walid alikuwapo. Ikaletwa nyama ya kuoka ya mnyama wa jangwani afananaye na kenge. Mtume alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid akamwuliza kama nyama ile ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama yule hakuwako katika nchi ya watu wake, na kwa sababu hiyo nafsi yake haikumpenda. Basi Khalid akaivuta nyama akaila, na Mtume anamtazama.

Tafadhali izingatieni habari hii. Chakula hakikutiwa ila. Aliyekula hakuchekwa, na aliyeacha hakulazimishwa. Sababu iliyotajwa ni nchi tu: kwetu hakiko, kwenu kiko. Leo nataka tuichukue adabu hiyo tuipeleke kwenye jambo dogo kuliko nyama, nalo ni majani na matunda yameayo yenyewe katika ardhi yetu, ambayo watu wa mahali fulani huyala kwa furaha, na watu wa mahali pengine huyang'oa kwa jembe wakayaita magugu, au huyaita chakula cha maskini.

Mimi nilizaliwa Tanga mwaka 1956. Baba yangu alikuwa mtumishi wa reli, na mtumishi wa reli hana mji. Tulikaa Korogwe, tukakaa Morogoro, tukakaa Dodoma, tukafika hata Tabora. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa pwani aliyezoea nazi na samaki, na vitu hivyo viwili vilizidi kuadimika kila garimoshi lilipotuchukua mbali na bahari. Lakini hakulalamika. Tulipohamia stesheni mpya, kabla hajapanga vyombo vyake, alikuwa akitoka kwenda kwa jirani wa kwanza, akiisha kusalimu akiuliza: "Mwenzangu, hapa kwenu mboga ni ipi?" Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa nikimfuata na kikapu. Hivyo ndivyo nilivyoyajua ninayoyaandika.

Kwetu Tanga mboga chungu inayopendwa ni mchunga. Huota wenyewe mashambani baada ya mvua, una jani jembamba, na ukilivunja hutoka utomvu mweupe. Huchemshwa, ukamwagwa maji ya kwanza, kisha ukaungwa kwa tui la nazi. Wadigo na Wagiriama wa upande wa Kenya huupenda kama sisi. Lakini tulipokuwa bara niliwaona watu wakiupalilia mchunga na kuutupa kando ya shamba pamoja na magugu mengine, na mama yangu akiuokota nyuma yao. Walimcheka kidogo, kwa wema, naye akacheka nao.

Dodoma mambo yaligeuka. Huko mboga ni mlenda, na mlenda si jani la mti mmoja. Ni jina la majani mengi yenye kuteleza yakipikwa, mengine yakiwa ya ukoo wa ufuta mwitu. Wagogo huyala na ugali wa uwele au wa mtama, na kwa kuwa mvua ya nchi yao ni ya msimu mmoja na kiangazi chao ni kirefu, huyachuma wakati wa masika, wakayaanika, wakayasaga yakawa unga. Unga huo hukaa katika chungu mwaka mzima. Mwaka 1974, mvua ilipokuwa imekosekana na chakula kimekuwa haba katika nchi yetu, sokoni hapakuwa na mchicha wala kabichi. Jirani yetu alimletea mama kibuyu cha mlenda mkavu, akamwonyesha namna ya kuukoroga ndani ya maji yanayochemka na kipande kidogo cha magadi. Tulikuwa watoto sita. Sikumbuki siku hata moja katika mwaka ule tuliyokula ugali mtupu.

Baadaye kaka yangu mkubwa alioa huko huko Dodoma, na baba alipostaafu tukarudi Tanga, naye kaka akaja na mkewe. Siku moja wifi yangu akapika mlenda, na shangazi zetu walikuwapo. Mmoja akauvuta kwa kidole, ukavutika kama uzi, akasema neno ambalo sitaliandika hapa, na wengine wakaangua kicheko. Wifi yangu akainamisha uso. Ndipo mama yangu alipokaa mkekani, akaisogeza sahani mbele yake akala, kisha akasema kwa sauti ya taratibu: "Mchunga wetu nao kwao huung'oa wakautupa. Lakini mimi nilipouokota hawakunivunjia heshima." Hakusema zaidi ya hayo, na hapakuhitajika zaidi.

Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kusoma vitabu, nilistaajabu kuona kuwa mboga ile iliyochekwa mkekani kwetu ina nasaba kubwa kuliko sisi tulioicheka. Mmoja katika mimea inayoitwa mlenda ndio ule ambao Wamisri huuita mulukhiyya, nao ni katika vyakula wanavyojivunia. Hukatakata majani yake mpaka yakawa laini kabisa, wakayatia katika mchuzi wa kuku au wa sungura, kisha wakamwagia juu kitunguu saumu na giligilani zilizokaangwa katika samli. Khalifa al-Hakim wa ukoo wa Fatimiya, aliyetawala Misri toka mwaka 996 mpaka mwaka 1021, aliipiga marufuku mboga hiyo, na wanahistoria husimulia kuwa sababu ilikuwa ni kwamba Muawiya aliipenda. Khalifa amekwenda zake, na mulukhiyya imebaki. Wayoruba wa Nigeria nao hula majani hayo hayo, huyaita ewedu. Watu wa magharibi ya Kenya huyaita mrenda, jina lililo ndugu wa jina letu. Na katika nchi ya Bengal mmea huu hulimwa kwa ajili ya nyuzi za shina lake, ambazo hufumwa magunia. Basi huenda gunia lile uwekalo mchele wako limetoka katika mmea ambao majani yake huyataki mezani.

Mwaka 1986 nilikwenda Kisumu kumtazama mdogo wangu aliyeolewa huko. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na tuta la mgagani uliotunzwa vizuri kama waridi. Mgagani kwetu huota jalalani na mahali palipolala ng'ombe, na wengi huupita bila ya kuutazama. Wajaluo huuita akeyo, na Wakisii, ambao nchi yao haiko mbali na hapo, huuita chinsaga, na ni mboga ya heshima kwao: mama aliyejifungua hupewa ili apate nguvu. Ni chungu, lakini dawa ya uchungu wake wanaijua. Huupika pamoja na maziwa, wakauacha ukalala, wakaupasha moto siku ya pili, na kila upashwapo huzidi kuwa mtamu. Ukiendelea kusini mpaka Zimbabwe utaukuta unaitwa nyevhe, na huanikwa. Ukifika Namibia, kwa Waovambo, utaukuta unaitwa ombidi, umepondwa ukafanywa mikate midogo iliyokaushwa juani kwa ajili ya kiangazi. Mmea ni ule ule mmoja. Penye ng'ombe wengi umekutana na maziwa. Penye jua kali umekutana na jua. Na kwetu penye minazi ungaliweza kukutana na tui, kama tungaliinama tukauchuma.

Katika wasafiri wa kale wa Kiislamu yuko mmoja aliyezila nchi zote mbili, ya mashariki na ya magharibi ya Afrika, naye ni Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Mwaka 1352 aliingia nchi ya Mali baada ya kuvuka jangwa. Asimulia kuwa katika njia ya Mali wanawake wa vijijini walikuwa wakiwauzia wasafiri mtama, maziwa, kuku, na unga wa kunazi. Sisi watu wa pwani mkunazi twaujua sana. Umetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu, na majani yake tumefunzwa kuyatia katika maji ya kuoshea maiti. Matunda yake ni mchezo wa watoto wakitoka chuoni. Lakini kuyakausha, kuyatwanga na kuyafanya unga wa safari, hilo kwetu sikulikuta. Na katika Hadhramaut mkunazi wasifika kwa jambo jingine kabisa: nyuki hula maua yake wakatoa asali ya bei kubwa mno.

Ibn Battuta aliona pia katika njia ile miti mikubwa sana ambayo msafara mzima waweza kukaa katika kivuli chake, na ndani ya mti mmoja uliokuwa na shimo alimkuta mfumaji amekaa na mtande wake akifuma nguo. Wenye elimu husema kuwa miti ile ilikuwa mibuyu. Basi tuulinganishe mbuyu. Kwetu Unguja, Mombasa na Tanga twala tunda: mbegu na unga wake hupikwa kwa sukari, iliki na rangi nyekundu, na watoto wakarudi nyumbani midomo imewaiva. Majani yake twayaacha kwa mbuzi. Lakini Wahausa huyakausha majani hayo, wakayasaga, wakayafanya mchuzi uitwao miyan kuka, na nyumba isiyo na kuka ni nyumba isiyo na mboga. Wasenegali huyatia unga wake katika kuskusi ya uwele. Wasudani hulowesha tunda wakapata kinywaji cheupe chenye ukali mzuri, ambacho hunywewa sana katika mwezi wa Ramadhani. Na huko Kordofan hutoboa shina la mbuyu mkubwa wakalifanya tangi la kuwekea maji. Ulaya nayo iliuidhinisha unga wa ubuyu kuwa chakula mwaka 2008, baada ya wataalamu kuuchunguza, na sasa huuzwa huko katika vifuko vidogo kwa ajili ya vitamini C iliyomo. Kitu hiki bibi zetu walikuwa wakimpa mtoto mwenye homa tangu zamani.

Lakini ndugu zangu, sipendi mtu asome maneno haya kisha atoke kwenda kuchuma kila jani la kijani alionalo. Huyo huyo Ibn Battuta asimulia kuwa baada ya kufika mji mkuu wa Mali yeye na wenzake walikula uji wa kitu kifananacho na jimbi. Walikuwa watu sita. Wote wakaugua, na mmoja wao akafa. Ibn Battuta mwenyewe alianguka akazimia katika Sala ya Alfajiri, akanusurika kwa dawa ya mizizi aliyopewa na mtu wa Misri ikamtapisha, na bado aliugua miezi miwili.

Mfano wa jambo hilo uko karibu nasi, katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Huko kuna viazi mwitu viitwavyo ming'oko, ambavyo huchemshwa na kuuzwa barabarani, na mtoto huvila kama muhogo bila ya hatari. Na kuna viazi mwitu vingine viitwavyo ndiga, ambavyo vina sumu. Watu hawakuviacha kwa sababu hiyo, bali walijifunza: humenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikaloweshwa katika maji ya mto yapitayo kwa siku kadhaa, vikaanikwa, ndipo vikatwangwa. Ming'oko na ndiga vyote viwili hutoka porini, na vyote viwili huchimbwa kwa jembe lile lile. Kinachotenga shibe na mauti ni elimu ya mwanamke aliyefunzwa na mama yake.

Na mnavu ni vivyo hivyo. Wazungu wengi wa Ulaya huwafunza watoto wao kuwa mmea huo ni sumu, wasiuguse. Kilimanjaro ni mboga ya kila siku. Kenya huitwa managu na huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Kamerun huuita njama njama na huula na ugali wa mahindi. Ni nani mwenye haki? Kila mmoja ana sehemu yake. Jamii ya mnavu ina aina nyingi, na matunda yake mabichi ya kijani hayafai kuliwa kabisa. Lakini majani machanga ya aina zinazojulikana, yakichemshwa vizuri, ni chakula chema. Karibu na mnavu, juu ya jalala hilo hilo, huweza kuota mnanaha, ambao humtia mlaji wazimu na huweza kumwua. Asiyejua kupambanua asichume peke yake.

Ndipo nifikapo katika jambo lililonifanya niishike kalamu. Wifi yangu yule alifariki mwaka 2009. Alipika mlenda wake katika nyumba yetu ya Tanga miaka zaidi ya thelathini, na wale wale waliomcheka walikuja kuwa wa kwanza kuuliza siku ya mlenda ni lini. Baada ya kufa kwake binti zake, wanaokaa Dar es Salaam, walinijia wakanitaka niwafundishe. Niliyoyajua niliwafundisha. Wifi alikuwa akichanganya namna tatu za majani. La kwanza nalijua, hulimwa na huuzwa. La pili ni ufuta mwitu, nalo nalijua. La tatu alikuwa akiletewa na ndugu zake kutoka kijijini likiwa limekwisha kaushwa na kusagwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuliona likiwa bichi. Tulipopeleka salamu kijijini kuuliza, tuliambiwa wale wakongwe waliokuwa wakilichuma wametangulia mbele ya haki, na vijana wa sasa hununua kabichi. Ladha yake twaijua sote. Mmea wenyewe pengine waota hata leo kando ya njia wapitayo watoto wakienda skuli, nao wanaukanyaga.

Tazameni basi ajabu hii. Muhogo, mahindi na viazi vitamu, ambavyo kila mtu huviita vyakula vya asili, vilitoka Amerika, vikaletwa katika bara letu baada ya mwaka 1500. Kabichi ni mgeni kutoka Ulaya. Wageni hawa tumewapokea, tumewapandia matuta na kuwamwagilia maji, na hilo si vibaya, kwani mgeni ana haki yake. Lakini wenyeji wa ardhi hii, mgagani na mlenda na mnavu na mchunga, tumewaita magugu. Katika skuli nyingi za wakati wangu mtoto alifunzwa kupanda kabichi kwa mstari, na adhabu yake akikosa ilikuwa kwenda kung'oa mnavu.

Hata hivyo ipo heri. Nchini Kenya Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga hizi, na kazi yake imesaidia sana kuzirudishia heshima yake. Karibu na Arusha kiko kituo cha utafiti wa mboga kinachohifadhi mbegu zake na kuziboresha. Wataalamu husema majani haya ya kijani kibichi yana madini ya chuma na vitamini A kwa wingi, vitu ambavyo wajawazito na watoto huvihitaji mno. Lakini mtaalamu huhifadhi mbegu aliyoletewa. Mmea usio na mtu wa kuutaja jina hautamfikia.

Kwa hiyo nawaomba vijana wetu, wa kike na wa kiume, mambo matatu. La kwanza, mkimtembelea bibi au shangazi kijijini, mtokeni naye shambani asubuhi moja wakati wa mvua, mwonyeshwe majani yakiwa hai: jina lake kwa lugha ya hapo, ua lake, harufu yake, na mmea gani unafanana nalo usioliwa. Yaandikeni hayo na siku yenyewe. La pili, katika kila shamba au ua, achieni pembe moja ndogo isiyopaliliwa mpaka mjue kilichoota humo. La tatu, mkioa au mkiolewa mbali na kwenu, na hilo sasa ni jambo la kawaida, mwacheni mwenzenu apike cha kwao mara moja katika juma. Asiyekipenda asile, hiyo ni haki yake. Lakini asikikunjie uso, kwani imepokewa kutoka kwa Abu Huraira kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula, akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha.

Nami katika ua wangu mdogo hapa Tanga nina mchunga, nina mgagani ambao mbegu yake ilitoka Kisumu, na nina ufuta mwitu. Kijisehemu kimoja nimekiacha kitupu. Binti mmoja wa marehemu wifi yangu amenuia kwenda Dodoma masika yajayo, aulize kijiji kwa kijiji na kijichungu cha unga ule mkononi, kidogo kilichobaki, awaonjeshe wazee. Mwenyezi Mungu amfanikishie safari yake, awarehemu waliotufunza, na atujaalie tuzijue neema zake kabla hazijatutoka. Amin.